Chai Iliyovutika

Shida ya kuwa mtu wa utani ni kwamba siku ukisema kweli, watu wanakusubiri umalizie ili wacheke. Nilimwambia mama wa mchumba wangu Angelina kwenye simu kwamba mboga ninayokula nailima mwenyewe hapa Nzuguni, uani, kwenye ndoo. Akacheka sana. Kisha akaacha ghafla.

"Sikiliza, Methodi. Kaka yangu Gerson yuko tayari kupokea barua yako ya posa. Mimi bado. Mtu anayetania kila kitu, nitajuaje lini ananidanganya? Jumamosi natoka Mvumi kwenda kwa mdogo wangu Ihumwa, nitapita hapo kwako. Unga nunua, chumvi nunua. Lakini nikikuta mboga ya sokoni, barua yako kaa nayo."

Mama mkwe mtarajiwa akisema "nitapita", jua huo ni ukaguzi.

Dakika tano baadaye Angelina akapiga. "Jumamosi hakuna utani. Hata mmoja."

"Hata mdogo?"

"Methodi!"

"Huo haukuwa utani, mpenzi. Nilikuwa nauliza."

Mimi ni fundi rangi, kwa hiyo ndoo ni kitu ambacho sijawahi kukosa. Mchicha wangu uko kwenye ndoo za rangi nyeupe, bamia kwenye za kijani, nyanya na pilipili kwenye zile za rangi ya maziwa ambayo wateja wa Dodoma hawaichoki. Nazimwagilia maji ya kuoshea mboga na ya kunawia mikono. Ardhini kabisa kuna mpapai na mlonge tu, na hiyo aliipanda mwenye nyumba.

Jumamosi saa nne mama na Angelina wakafika. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Hakukaa. Alizunguka uani mikono nyuma, Angelina akimfuata na macho yake kwangu: usithubutu. Mama akainama, akashika mshikio wa ndoo moja ya mchicha, akainyanyua.

"Nyepesi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Inabebeka."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hata jana ingeweza kuwa kwa jirani."

Majibu nilikuwa nayo sita, yote ya utani. Nikayameza yote sita. Na mtu aliyemeza majibu sita anafanana kabisa na mwizi wa ndoo.

"Mpapai na mlonge?" akauliza.

"Ni ya mwenye nyumba, mama."

"Hm," akasema, akaenda kukaa.

Nikachuma mchicha mbele yake, nikaubandika kwenye jiko la mkaa na nyanya zangu mbili. Akatazama kama anatazama sinema ambayo mwisho wake ameshasimuliwa. Nikaona niokoe jahazi kwa chai. Nilikuwa na unga wa majani ya mlonge kwenye kopo la maziwa, na ule niliutengeneza mimi, hata kama mti si wangu.

"Karibu chai ya mlonge, mama. Nimechuma, nimeanika, nimetwanga kwa mkono wangu."

Nikatia vijiko viwili, maji ya moto, sukari. Nilipokoroga kijiko kikawa kizito. Nikadhani ni hofu.

Mama akanywa funda moja. Akashusha kikombe, lakini chai haikukubali kushuka. Uzi mrefu ukabaki umening'inia kutoka mdomoni hadi kwenye kikombe. Akakiinua, uzi ukalegea. Akakishusha, ukanyooka. Angelina akatazama juu, akaanza kuhesabu misumari ya bati.

"Methodi."

"Naam, mama."

"Umenipa mlenda wenye sukari."

Makopo yalikuwa mawili, la mlonge na la mlenda. Yote ya maziwa, yote yana unga wa kijani. Mlenda ule uliota wenyewe uani wakati wa mvua, katikati ya ndoo, nikaukausha wa kulia kiangazi. Nilitamani ardhi ya Nzuguni ipasuke, lakini kwa kiangazi kile ilikuwa ngumu kama saruji.

"Lete hilo kopo."

Nikalileta. Akachota kidogo kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akatafuna polepole kwa meno ya mbele. Akatafuna tena. Akachota tena.

"Hauna mchanga."

Mlenda wa sokoni sisi sote tunaujua. Unautafuna huku umefumba jicho moja, unasubiri kokoto.

"Uliuanika wapi?"

"Juu ya bati, mama. Chini nilitandika gunia, juu nikafunika neti ya mbu."

"Neti? Mlenda unaugua malaria?"

Hapo nikashindwa. Mtu mzima ananianza mwenyewe! "Hapana, mama, ni huu upepo wetu wa vumbi. Bila neti ningekuwa nimeanika nusu ya Ihumwa."

Angelina akafumba macho. Halafu mabega ya mama yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Anayeuza hafuniki neti," akamwambia binti yake, akihema. "Anayeuza anapima na mchanga wake. Na aliyenunua mlenda hausahau, anajua pesa yake imekwenda wapi. Huyu kautengeneza yeye mpaka kachanganya makopo!"

Akainuka, akaniondoa jikoni kwa kiwiko. Akafungua mzigo aliokuwa anampelekea mdogo wake, akatoa karanga za kutwanga na kipande cha magadi. Maji yakachemka, mlenda ukaingia, karanga zikafuata, harufu ikajaa uani. Mimi nikasonga ugali wa uwele, yeye akinisimamia: "Songa, usiupapase!"

Tulikula sinia moja. Mchicha wangu ulikaa pembeni kama mgeni asiyejulikana na mtu. Mama alikata uzi wa mlenda kwa kuzungusha kiganja mara moja tu, safi, huku Angelina na mimi tukiuvuta mpaka kidevuni.

"Barua ileteni Jumapili ijayo," akasema mama, akilamba kidole. "Gerson atakuwepo. Na wewe Methodi usiiandike, tafuta mtu mwenye akili timamu."

Nikasema ndiyo, mama, nikatoka mbio kwenda kuangua papai, maana miguu ilikuwa inataka kucheza na pale kwenye sinia hapakuwa na nafasi.