Mji wa Mavia Chini ya Mchanga

Nzembi alivua ndara, akanawa miguu, akaingia kisimani. Ndivyo inavyofanywa katika mto ule mkavu ulio chini ya kijiji cha Muthetheni: kila boma lina kisima chake kilichochimbwa mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasikifikie, na hakuna anayekiingia na vumbi la barabarani. Kwanza unakomba maji yaliyolala, unampa punda. Kisha unasubiri mapya yajichuje. Asubuhi ile alisubiri hadi jua likamchoma kisogo, na kata haikujaa hata nusu. Alipokwangua zaidi akagusa paa.

Lilikuwa paa la udongo uliochomwa, na kupitia ufa wake akaona mwanamke ameketi chini akisuka kiondo. Mwanamke aliweka kazi yake kando, akapanda juu, akaomba maji ya kunawa miguu kabla ya kukanyaga ukingo wa kisima. Nzembi alimpenda kwa hilo.

"Wakya," mwanamke alisalimu.

"Aa," Nzembi akaitikia, akampa na ya kunywa.

Jina lake lilikuwa Munyiva, na alikuwa mtu wa Mavia, mji uliokuwa hapo kabla hata ya babu zetu kufika. Kadiri malori yalivyozidi kuchota mchanga upande wa juu, ndivyo watu wa Mavia walivyozidi kutokea. Walikuwa watu wenye adabu, wakavu kidogo wa ngozi. Kanisani walikaa nyuma na hawakukohoa. Sokoni hawakuuliza bei ya kitu isipokuwa maji. Abdiaziz, mnunuzi wa mbuzi, alilalamika tu kwamba hawakuwa na mifugo.

"Mji wenu uliangukaje?" Nzembi alimuuliza Munyiva siku moja, wakisubiri maji.

"Mkubwa wetu alitaka mnara wa kutazamia mvua ikiwa bado mbali. Mnara ukataka mchanga, nasi tukachota. Mchanga ukiisha, mama, maji hayana pa kulala. Mvua tuliiona ikija kutoka mbali sana. Ikafika, ikapita mtoni, ikaenda zake siku hiyo hiyo."

"Na hakuna mtu alikataza?"

"Mimi nilikataza. Wakaniambia mchanga hurudi."

Maneno hayo hayo Nzembi alikuwa ameambiwa na shemeji yake Urbanus, mwenyekiti wa kamati ya mchanga, alipokuja kuitaka kona ya mto yenye kisima chake. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki na mchanga, na nyumba za ghorofa zinazojengwa Syokimau zilikuwa zinaungojea. "Achilia hiyo kona, shemeji. Mchanga hurudi na mvua. Wewe uliona wapi mto ukiisha?"

Basi Nzembi akampeleka Munyiva kwenye mkutano wa kijiji kuhusu kona hiyo, katika ukumbi wa kanisa. Munyiva akasimulia yote, mnara na mvua na watoto waliokufa wakilamba mawe. Watu walisikiliza vizuri. Akina mama walijifuta machozi. Mtu mmoja akasema mwenzako akinyolewa, chako tia maji, na wote wakaitikia kwa vichwa kwamba hiyo ni hekima. Maji yenyewe ya kutia yangetoka wapi, hakuna aliyeuliza.

Urbanus akasimama. "Tumshukuru mgeni wetu, na tumpe pole. Tumejifunza mengi. Lakini hao walikuwa watu wa zamani. Hawakuwa na kamati. Sisi tuko na kamati."

Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Mkono wa Nzembi wa kukataa ulibaki peke yake. Wa Munyiva haukuhesabiwa, kwa kuwa hakuwa na kitambulisho.

Baada ya mkutano Urbanus aliona jambo: watu wa Mavia walikuwa na njaa, na hakuna aliyeijua kazi ya mchanga kuwashinda. Asubuhi iliyofuata lori lilipoingia kwenye kona ya Nzembi, wapakiaji walikuwa wao, na Munyiva alikuwa wa kwanza kushika sepetu.

"Hata wewe?" Nzembi alisema. Ilimuuma kuliko kura.

"Wanatupa chakula. Na mikono imezoea."

Ilipofika adhuhuri, kona nzima ilikuwa mapaa matupu ya Mavia, na hapakuwa na unyevu wa kulowesha kidole. Nzembi alilia, kisha akaokota kata yake akaketi juu ya paa moja. Munyiva akaja kuketi karibu naye.

"Kuna nyumba tupu jirani na yangu. Nimekufagilia."

"Mimi peke yangu?"

"Hapana. Tumefagia za kijiji chenu kizima."

Nzembi akauliza kama mlango wake unafungika. Unafungika, akaambiwa. Upande wa juu lori jingine lilikuwa likiingia mtoni kinyumenyume, na Urbanus, ameyapa mapaa kisogo, alikuwa akilielekeza kwa mkono, njoo, njoo, bado kuna nafasi, njoo.