Sauti Inayotangaza Bei ya Mahindi

Uvumi wenyewe Zaitun aliusikia Jumamosi asubuhi, mikono ikiwa bado na unga wa manda za sambusa, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Aliuleta Kuluthumu, mwenzake wa jikoni kwenye ule ukumbi wa mikutano ulio kando ya barabara ya Dar es Salaam.

"Mwenzangu, hii mikutano ya watu wa teknolojia usiione hivi," alisema Kuluthumu huku akikata vitunguu. "Mtu anaingia na chake, anatoka na kadi za majina. Kuna mhandisi mmoja wa Ihumwa kaingia na kivuli, katoka hana."

"Hana kivuli?"

"Nimemwona kwa macho yangu, kasimama kwenye jua la saa saba. Chini yake peupe. Kivuli kiko Dar, kimefungua ofisi."

Zaitun akaendelea kukunja sambusa. Hakuuliza kivuli kinafunguaje ofisi. Aliuliza kama yule mhandisi alikwenda peke yake au na mzazi.

"Peke yake. Nani anaenda na mama yake kwenye mkutano?"

Hapo sambusa ikamfunguka mkononi, maana binti yake, Ikram, alikuwa amejiandikisha kwenye mkutano wa siku hiyo hiyo. Muda ule alikuwa nyumbani Kizota anapiga pasi gauni.

Kazi ya Ikram, Zaitun aliielewa vizuri, ijapokuwa yeye aliishia darasa la saba. Mkulima wa Kondoa au wa Kongwa anapiga namba kwa simu yake ya kitochi, wala hahitaji intaneti. Anasikia sauti ya Ikram ikimwambia bei ya gunia la mahindi asubuhi hiyo soko la Kibaigwa. Inamwambia pia ni upande gani wa soko madalali wanalazimisha lumbesa, lile gunia linalovimbishwa juu kama kilemba halafu likalipiwa bei ya gunia la kawaida. Ndugu zake Zaitun waliliwa sana na lumbesa. Ikram aliyarekodi yote sebuleni, kwa Kiswahili, Kirangi na Kigogo, kichwa kakifunika kwa blanketi ili mashine ya kuchomelea ya baba yake, Halfani, isisikike.

Mkutano ulianza mchana. Alizungumza mgeni, wakapiga makofi, akazungumza mwingine. Kisha watu wakasimama kwenye zile meza ndefu zisizo na viti, juisi mkononi, kutafuta koneksheni. Zaitun alipita na trei. Alimkuta Ikram, kamba ya jina shingoni, mbele ya Elisante.

Elisante kwenye mikutano hiyo hana asiyemjua. Yeye ndiye anayefungua, yeye ndiye anayefunga, na katikati huwashika vijana mabega. Wanamwita mlezi.

"Shikamoo," Ikram alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekipenda ulichosema. Hebu nielezee tena, polepole, nisikie vizuri."

Ikram, ambaye hakulelewa kumkatalia mkubwa, akaeleza upya. Elisante akawa anafuatisha kwa midomo, neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa anayefuatisha sura. Hata Kirangi alikifuatisha, na hakijui. Walipofika mwisho akampa kadi yake.

"Tutawasiliana," akasema, na alisema kwa sauti ya Ikram.

Ikram alifungua mdomo ili aage. Hakikutoka kitu.

Bwana mmoja aliyekuwa pembeni alichukua sambusa kwenye trei ya Zaitun. "Bosi, leo sauti imekaa vizuri."

"Tangawizi na ndimu," akajibu Elisante kwa sauti ile ile ya binti, naye akachukua sambusa.

Daktari alimulika koo la Ikram, akasema koo ni zima, ila sauti haimo. Akampa dawa ya kusukutua. Nyumbani wakafungua kompyuta. Zile rekodi zote zilikuwepo, mistari inapanda na kushuka kwenye kioo, lakini hazikutoa hata mkwaruzo. Walipokwenda polisi kulalamika, yule aliyewapokea alikuwa mtu mstaarabu, akawapa viti.

"Utaratibu wetu, mlalamikaji anaeleza mwenyewe kwa mdomo," alisema.

Wakarudi Kizota. Halfani akashika mashine yake ya kuchomelea. Zaitun akakaa na hasira, akaitunza kama mtu anavyotunza kaa la moto kwenye majivu.

Kabla ya mavuno kampuni ya Elisante ilizindua huduma. Zaitun alipiga namba ile akiwa uani, peke yake, simu kaibana na bega huku anapeta uwele.

"Habari za asubuhi, mkulima. Karibu upate bei za Kibaigwa leo." Alikuwa Ikram mtupu, na kale kakohozi kake ka vumbi katikati.

Zaitun hakufikiri. Aliita kama anavyoita kila siku kutoka uani.

"Ikram!"

Simu ikanyamaza. Halafu:

"Abee, mama."

Kisha ikaendelea na bei ya alizeti.

Zaitun akaweka ungo chini. Sauti ilichukuliwa, lakini malezi hayakuchukulika. Sauti ile aliilea mwenyewe, tangu ilipokuwa kilio. Alijua ikiitwa itaitika, ikitumwa itakwenda. Hakulia siku hiyo. Alinawa uso, akafunga kanga, akaenda kumwomba Kuluthumu amwambie kongamano kubwa ni lini.

Kongamano lilijaa. Walikuwepo wadhamini wa nje na waheshimiwa kadhaa, na mnenaji mkuu alikuwa Elisante, suti ya bluu, kipaza sauti kimebandikwa shavuni. Alikuwa anasimulia alivyopata wazo lile akiwa mdogo, kamfuata babu yake shambani, sauti ya kike ikimtoka safi kama kengele, watu wanaandika. Zaitun alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Ikram!"

Elisante akakatika katikati ya babu.

"Abee, mama."

Ukumbi mzima ulisikia.

"Vyombo vimeoshwa?"

"Bado, mama."

"Na hapo umesimama unafanya nini?"

"Samahani, mama. Nakuja."

Akashuka jukwaani. Alipita katikati ya meza, akaingia jikoni, akakunja mikono ya koti, akaanza na glasi. Mshereheshaji alishika kipaza sauti chake. "Makofi, jamani! Huu ndio uongozi wa kutumikia!" Wadhamini walisimama kupiga makofi. Waliokuwa karibu na mlango walipiga picha.

"Hilo sufuria la pilau umeliruka," Kuluthumu alimwambia. "Chini limeganda."

"Sugua," Zaitun alisema. "Wala usinitolee macho."

Elisante alisugua, jasho likimdondokea kwenye povu. "Mama, niache nina wageni," akanong'ona.

"Irudishe."

"Mama, kwenye biashara aliyesimama mbele ndiye mwenyewe."

Maneno yalikuwa yake, sauti ya Ikram. Zaitun alihisi amepigwa kofi na mwanawe mwenyewe. Akamwongezea masinia.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi. Zaitun akipiga namba ile na kusema, "Ikram, njoo nyumbani," gari la Elisante husimama mbele ya karakana ya Halfani, mwenyewe akashuka, akavua viatu na kukunja suruali. Alifua mablanketi kwenye upepo ule wa mwezi wa saba unaokausha midomo. Alisugua choo. Alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Majirani walimzoea, wakawa wanamwagiza na wao.

"Dada, ukimaliza hapo nitolee na takataka," mafundi wa jirani walimwambia, naye akaitika abee.

Halfani alimtazama siku moja akikamua shuka. "Kampuni inampa kazi nyepesi huyu, ndiyo maana hajui kukamua," alisema, akashusha miwani yake ya kuchomelea.

Zaitun alikuwa hodari wa kuchagua saa. Alimwita siku ya kuweka saini. Alimwita akiwa hewani redioni. Siku ya harusi ya Elisante alimwita wakati padri ameshauliza swali na kanisa zima linangoja jibu. Elisante akasema, "Abee, mama," akaja Kizota na suti yake nyeupe, ua kifuani, akaosha sufuria za ugali hadi suti ikawa rangi ya masizi. Bibi harusi alingoja. Padri alingoja. Aliporudi walimalizia pale walipoishia, na "ndiyo" aliyojibu ilikuwa ya Ikram. Mwaka huo kampuni yake ilipata tuzo ya unyenyekevu.

Elisante anapofua, Ikram hukaa karibu naye kwenye mkeka. Si kwa ajili yake. Anakuja kuisikiliza sauti yake mwenyewe. Zaitun huizungumzisha.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Wanakutesa huko?"

"Hapana, mama. Nachoka tu. Naongea kutwa, na usiku hawanizimi."

Ikram hufuatisha kwa midomo, neno kwa neno, na kwa kitambo hicho mtu akiwa mbali anaweza kudhani anaongea yeye. Jioni Elisante anavaa viatu, anaondoka, sauti inaondoka naye.

Siku moja Ikram aliandika kwenye simu yake, akamsogezea mama yake: *Mama, mwache apumzike. Akichoka yeye, inachoka na sauti yangu.*

Zaitun alisoma mpaka mwisho.

"Sikusikii," akasema, akampigia Elisante aje kufua pazia.

Ndipo akaja na lile alilodhani ni kisu cha mwisho. Alipiga namba akaiambia sauti: "Kila mkulima akipiga, kabla ya bei, mtajie wewe ni nani na kazi hii ni ya nani."

"Sawa, mama."

Kesho yake simu zote, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa, zilisema: "Mimi ni Ikram binti Halfani wa Kizota. Kazi hii niliianza mimi, nikanyang'anywa na Elisante. Gunia la mahindi leo Kibaigwa..." Zaitun alikaa uani, redio mbele yake, akingoja nchi itikisike.

Wakulima walisema, "Asante, Ikram," wakauliza bei. Madereva wa malori walisema Ikram kasema hivi, Ikram kasema vile. Wengine walisema kweli Elisante ni mwizi, na wakaendelea kupiga, kwa sababu bei zilikuwa sahihi. Kabla mahindi hayajaota upya, kuta za Kibaigwa zilishapakwa rangi ya bluu na neno IKRAM kubwa, na chini yake picha ya Elisante anatabasamu. Jina likasajiliwa. Wakili alimpigia Halfani simu, kwa adabu, akiomba familia isilitumie jina hilo kwenye shughuli yoyote ya biashara bila ruhusa ya mwenyewe.

Halfani alimuuliza wakili kama wanaruhusiwa kumwita binti yao chakula kikiiva. Wakili akasema kwa matumizi ya nyumbani haina shida.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Kampuni ni ya Elisante, sauti anatembea nayo, na Ikram anafundisha watoto wa pale mtaani kompyuta kwa kuonyesha kwa kidole. Na Elisante anafua. Mikono imemchubuka, kucha zimekuwa laini kama za mtoto mchanga, na kila akiinua uso anamkuta Zaitun kasimama na beseni jingine.

Mama mwenzangu mwenye kijana wa kompyuta, epuka haya:

Mtu aliyesikia mara ya kwanza, akaomba aelezewe tena polepole.

Meza ndefu zisizo na viti. Pasipo kiti hapana ugeni, pana uwindaji.

Anayemwita mwanao "mwanangu" kabla hajauliza baba yake nani.

Kadi nzuri kuliko maneno ya aliyeitoa.

Kumfundisha binti kuitika bila kumfundisha kukataa.

Kuridhika na makofi, yako au ya mwenzio.

Kumpa mwizi chai akimaliza kufua. Anywe maji ya bomba, aende zake.