Makasha Yanayokohoa

Kila Jumatatu saa moja asubuhi wafanyakazi wa kiwanda cha rangi walipanga foleni kwenye dirisha la stoo, kila mmoja achague kimoja: barakoa au pakiti mbili za maziwa. Mama Pacha, mchanganyaji wa rangi ya buluu, alikuwa amechukua maziwa kwa miaka mitatu mfululizo. Barakoa alizoziacha ziliwekwa kwenye kasha lenye jina lake, ili asije akadai baadaye kwamba hakupewa. Ndivyo walivyofanyiwa wote.

Mwezi wa tano makasha yakaanza kukohoa.

Karani wa stoo alidhani ni panya. Aliposikiliza vizuri akagundua kila kasha linakohoa kwa sauti ya mwenye jina. La Mama Pacha lilikuwa na kikohozi kikavu cha kukatizwa, kama cha mtu anayejizuia mbele ya wakwe. Wenyewe kule kwenye mapipa walikuwa kimya, maana aliyekohoa kazini aliandikiwa barua ya kupumzika, na hakuna aliyepumzishwa akaitwa tena.

Meneja machale yakamcheza.

"Kuna mchezo hapa," alimwambia karani. "Kama wanaumwa, mbona wanachukua maziwa? Anachokitaka mtu utakijua kwa anachokichukua. Kukohoa hata mimi naweza."

Jumatatu iliyofuata alisimama dirishani mwenyewe. Asubuhi hiyo shangazi wa watoto wake pacha alikuwa amepita nyumbani na maziwa, kwa hiyo zamu yake ilipofika Mama Pacha alinyoosha mkono kwenye barakoa.

"Ngoja kwanza, mama," meneja alisema. "Wiki iliyopita vyote viwili vilikuwa hapa, ukachukua maziwa. Leo vyote vipo, unachukua barakoa. Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

"Sijadanganya, bosi. Leo watoto wameshakunywa."

"Watoto hawamo kwenye daftari."

Meneja aliutazama ule mkono kana kwamba ameukuta mfukoni mwake. Inaudhi kusimulia haya, hasa kwa kuwa hakupandisha sauti hata kidogo. Alieleza kwa upole kwamba vigeugeu wanaharibu hesabu, na kuanzia siku hiyo kila mtu atapewa alichozoea kuchukua. Akamsogezea pakiti mbili. Mama Pacha alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kwa sababu kazi bado aliitaka.

Tangu hapo hakukohoa tena, hata nyumbani. Pacha wakawa wanalala fofofo mpaka asubuhi. Kikohozi chote kilikuwa kimehamia kwenye kasha, naye kila saa ya chakula alipitia stoo kulijulia hali.

"Limeamkaje?"

"Si vizuri, dada," karani alijibu. "Tangu nimefungua stoo halijatulia."

Alikaa nalo kidogo, mkono juu ya kifuniko, kisha akarudi kwenye mapipa. Meneja naye alipita mara moja, akasikiliza, akauliza kama kuna mtu amejificha ndani. Karani alimfungulia akaziona barakoa, safi, zimepangwa vizuri. Meneja aliondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Mwezi wa nane kasha likaanza kutema buluu. Mama Pacha aliigusa kwa kidole, akaitambua: ni ile aliyoichanganya Jumanne. Karani akatandika magazeti chini, na kila asubuhi huyabadilisha kabla hajafungua dirisha.