Pumzi ya Mwalimu Gichana

Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka 1996, saa nne asubuhi, Phelesia alikuwa amekaa nyuma ya duka la vitambaa la Abdinasir mjini Migori, bisibisi mkononi, akifungua kaseti ya gemu iliyoletwa kutoka Sori. Binti yake Risper, miezi tisa, alikuwa ndani ya katoni ya televisheni kando ya miguu yake, akitafuna kifutio. Ukutani juu ya meza palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: USIPULIZE KASETI. Kando ya kibao ilining'inia fremu yenye kioo kizuri, ndani haina kitu.

Kibao hakikumzuia mtu. Kuanzia Sori mpaka Homa Bay, mashine ya gemu ikigoma, mtu huchomoa kaseti, akaipuliza kama anayepoza uji, akairudisha, ikawaka. Baada ya miezi michache mate yameleta kutu kwenye meno ya shaba, na hapo ndipo kaseti huletwa kwa Phelesia. Yeye huyasugua meno kwa kifutio, kisha huyapitishia pamba yenye spiriti.

Kutu ikitoka, pumzi nayo hutoka. Mtu akiwa na neno mdomoni akashindwa kulisema, halafu akapuliza, neno huingia kwenye kaseti na kukaa humo mpaka spiriti iliguse. Wateja walilijua jambo hili, na wengine waliomba kusubiri nje. Kaseti ya katekista mmoja wa upande wa Asumbi ilikuwa imemwomba Mungu msaada wa kuvuka daraja la raundi ya nne. Hii ya Sori ilisema kwa sauti ya kijana, "Mama, ile sahani haikuvunjwa na paka," kisha pumzi ikatoka mlangoni. Phelesia akaandika kwenye kikaratasi cha mteja: *Meno yamesafishwa. Sahani si paka.* Akachukua nyingine.

Ile fremu aliinunua wiki aliyofanya mtihani wa ufundi wa elektroniki katika chuo cha jioni. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akaandika mkono ukiwa umenyooka, kwa sababu tumbo lilikuwa limeisukuma meza mbali. Tangu hapo kila mwezi alimuuliza Mwalimu Gichana habari za cheti, na kila mwezi mwalimu alimjibu kwamba matokeo bado yako Nairobi. Karakana moja ya Homa Bay ilikuwa imemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi: meza karibu na dirisha, solda yake mwenyewe, na mama wa jirani anayelea watoto. Walitaka cheti tu.

Saa sita Mwalimu Gichana mwenyewe aliingia, amebeba mashine ya gemu ndani ya kikapu.

"Imegoma tangu Pasaka, msichana wangu. Watoto wananisumbua."

"Watoto tu, mwalimu?"

"Na mimi kidogo, Jumapili."

Akaketi kwenye benchi, akapewa chai. Phelesia akafungua kaseti, akasugua, akapitisha pamba. Pumzi ikatoka, nzito, ina mafua. Ikapiga chafya kwanza. Kisha ikasema, "Phelesia amepata namba moja, na cheti nimekiandika jina la Machuki. Ni mtoto wa dada yangu, nifanyeje?"

Abdinasir aliendelea kupima mita tatu za kitambaa cha mteja.

"Hiyo ni sauti yako, mwalimu," alisema.

"Ni yangu. Februari nilikuwa na mafua mabaya."

Phelesia aliweka pamba chini.

"Namba moja?"

"Namba moja. Karatasi yako ilikuwa safi mpaka nikamwonyesha mke wangu."

"Basi niandikie changu, mwalimu. Mwezi haujaisha."

Gichana akanywa chai. "Kimeshatoka, msichana wangu. Kukibadilisha, lazima faili irudi Nairobi, na Nairobi hawapokei pumzi."

"Mimi nimesikia na masikio yangu!" Abdinasir alisema, mkasi juu. "Wallahi naandika barua leo."

"Andika, ndugu yangu. Itapitia ofisini kwangu."

Mwalimu akaijaribu mashine, ikawaka. Akamwambia Phelesia hajawahi kufundisha mtu mwenye mkono kama wake, akalipa, akaenda.

Pumzi haikumfuata. Ilizunguka dukani, ikapita juu ya majora ya vitambaa, ikaingia ndani ya fremu na kutulia nyuma ya kioo kama ukungu. Tangu siku hiyo kila mlango ulipofunguliwa ilirudia maneno yake yote, pamoja na chafya.

Abdinasir aliandika barua. Ilipitia ofisini. Mwisho wa mwezi karakana ya Homa Bay ikasema inasikitika, ikamchukua Machuki, ambaye darasani alikaa kando ya Phelesia na kumuuliza waya mwekundu unaenda wapi.

Phelesia alilia mara moja, Abdinasir alipokwenda kuswali. Kuku akausukuma mlango akaingia, fremu ikapiga chafya, Risper akacheka mpaka akalala chali ndani ya katoni. Phelesia akamnyanyua, akamsogeza karibu na kioo.

"Sikia mama yako anavyotajwa," alimwambia.

Kazi iliongezeka. Watu walileta mashine hata zisizoharibika ili wapate kusikiliza. Mama mmoja muuza omena, aliyejua kwamba Phelesia ni binti wa Magunga, alishika kiuno mbele ya fremu.

"Hongera, nyar Magunga! Vyeti vya wengine lazima usome. Hiki kinajisoma chenyewe."

Mwezi wa nane Machuki akafika kutoka Homa Bay na katoni ya mashine zilizoshinda karakana. Mlango ulipofunguka, fremu ikasema yote. Alingoja mpaka ikamaliza.

"Huyo ni mjomba."

"Ndiye."

"Hayo mafua hayajaisha." Akaweka katoni mezani. "Hizi zimekufa sauti, sista. Nimejaribu."

"Uliunga waya mwekundu wapi?"

Machuki akamwonyesha. Abdinasir akacheka, naye Machuki akacheka, na Phelesia akawacheka wote wawili. Kisha kijana akakitazama kioo, akamtazama Risper aliyekuwa anasimama kwa kushika ukingo wa katoni. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akachomoa kaseti kutoka kwenye mashine moja, akaigeukia pembe ya duka, akaipuliza kwa muda mrefu, chini ya kibao kabisa.

Phelesia hakumgombeza. Alipokea kaseti, akaifunga kikaratasi chenye jina *Machuki*, akaiweka kwenye foleni. Ilikuwa ya saba. Angeifikia Alhamisi.

Kisha akakipangusa kioo cha fremu kwa kitambaa kikavu, bila spiriti, kama alivyofanya kila siku.