Kitandiko cha Viraka Sitini na Vitatu

Mashine za kuchuma chai zilipoletwa katika shamba kubwa alikokuwa ameajiriwa, Phelis Chepkorir alirudi nyumbani kwake, kwenye vilima vya juu ya Kipkelion, akiwa na miaka hamsini na tisa, begi moja la nguo, na mikono isiyojua kukaa bure. Kwa miaka ishirini na sita mikono hiyo ilikuwa imechuma majani ya kulipwa kwa kilo, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa kasi ambayo wasimamizi walikuwa wakiwaletea wageni waje waitazame. Sasa ilikaa mapajani. Asubuhi alikamua ng'ombe pamoja na mumewe, Mathew, akapalilia mahindi, na kufikia saa nne kazi ilikuwa imekwisha na siku ingali ndefu.

Jirani yake, Nyakerario, mama Mkisii ambaye familia yake ilinunua shamba ng'ambo ya kijito, alikuwa na nyumba iliyojaa vitambaa vya viti vilivyodariziwa maua. Siku moja Phelis alienda kwake kuazima ungo, akamkuta ameketi mlangoni na sindano. Alisahau habari ya ungo. Alisimama pale akitazama jani la kijani likiota juu ya kitambaa cheupe, kisha akaomba afundishwe.

Mwanzoni Phelis alidarizi vile alivyokuwa akichuma chai. Alasiri moja tu akamaliza ua zima, akavuka kijito kwenda kulionyesha. Nyakerario aligeuza kitambaa akatazama upande wa nyuma, ambako nyuzi zilikuwa zimevurugana kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Alichukua wembe akaanza kufumua, mshono baada ya mshono, mpaka kitambaa kikabaki matundu matupu.

"Mama Chemutai," akamwambia akimrudishia, "hapa hakuna mtu wa kupima kilo."

Maneno hayo yalimwingia. Phelis alianza upya, polepole, na kwa wiki kadhaa akajifunza kitu ambacho mikono yake haikuwahi kuruhusiwa kufanya, yaani kusimama, kutazama, na kurudia. Alipoona nyuma ya kitambaa inafanana na mbele, alijiona yuko tayari kwa kazi kubwa. Angeshona kitandiko cha kitanda, viraka sitini na vitatu, saba kwa tisa. Thelathini na kimoja vingetoka kwenye nguo kuukuu za nyumbani: shati la Mathew la harusi, sare ya shule ya msingi ya binti yao Chemutai, leso ya marehemu mama yake, na lile koti la buluu alilovaa akichuma chai. Thelathini na viwili vilivyobaki vingekuwa vyeupe, na kwenye kila kimoja angedarizi kitu anachokijua kwa macho yake mwenyewe.

Basi akadarizi birika lenye masizi na ng'ombe wa maziwa. Akadarizi mvua ya mawe ikipiga majani ya chai, gari moshi likipita bondeni, mtoto mgongoni amefungwa leso. Jumamosi alivitandaza vyote kwenye sakafu ya sebule ili aone amefika wapi, na Mathew, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alisimama mlangoni na mkebe wake wa maziwa akingoja apishwe. Mara moja tu alitoa maoni. Alisema ng'ombe yule anafanana na mbwa. Phelis alikasirika, akainama, akatazama vizuri, akaona ni kweli. Akafumua pua yote na kuishona tena.

Alipofikisha viraka ishirini na vinne vya kudarizi, aliviosha ili kutoa alama za penseli. Uzi mwekundu, ule alioununua kwa bei ya chini sokoni, ukatoa rangi. Alipoinua mikono kutoka kwenye beseni, viraka tisa vilikuwa vimegeuka waridi, na gari moshi lake lilikuwa kama limepita katika damu. Alikaa kwenye jiwe kando ya mfereji mpaka beseni likapoa. Mathew alikuja akamwambia taratibu kwamba waridi nayo ni rangi, na isitoshe hakuna atakayejua. Phelis mwenyewe angejua.

Viraka hivyo tisa alivitoa vyote akaanza upya. Miezi minne ilikwenda hapo. Safari hii kila uzi mpya alikata kipande, akakishona kwenye kitambaa kibovu na kukitia katika maji moto yenye chumvi, akaona kama kitatoa rangi. Gari moshi la pili lilipokamilika, aliliweka kando ya lile la kwanza. La kwanza lilikuwa safu ya masanduku. La pili lilikuwa na moshi uliolala nyuma, na ungeweza kujua upepo unatoka wapi. Alichungulia dirishani kuhakikisha yuko peke yake, kisha akacheka kwa furaha.

Viraka vilipounganishwa, kazi ngumu ndiyo ilianza. Chini aliweka kitambaa cha pamba cha marekani, katikati blanketi kuukuu, juu viraka vyake, na ilibidi tabaka hizo tatu zishonwe pamoja kwa mistari ya mishono midogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, zisije zikateleza. Sindano ilipita kwa shida. Alivaa kikofia cha chuma kwenye kidole cha kati, na bado kidole kikaota sugu. Lakini mishono ilitoka midogo na sawasawa, kumi na miwili katika upana wa vidole viwili. Mvua ya masika ikaja ikapita, mahindi yakapandwa yakavunwa, na Alhamisi moja, baada ya miaka miwili na miezi mitano, akakata uzi wa mwisho.

Alikitandika kitandani, akavuta kiti, akakaa akikitazama tu. Mathew alipoingia alivua gamubuti bila kuambiwa, akasimama karibu naye kwa muda mrefu.

"Hiki ni cha kuonyeshwa watu," alisema.

Mwezi uliofuata vikundi vya akina mama vilikuwa na maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa kanisa mjini. Mwamuzi alikuwa Bi. Edinah, mwalimu mstaafu wa sayansi ya nyumbani, mwanamke mwenye miwani na rula. Alifika kwenye kitandiko, akakipapasa mara moja, akamwambia katibu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima kwamba hiyo ni kazi ya mashine, kipelekwe meza ya mashine.

Phelis alihisi masikio yakipata moto. Kati ya maneno yote duniani, amechaguliwa hilo la mashine. Nyakerario, aliyekuwa kando yake pamoja na Mathew, alikwisha kufungua mdomo, lakini Phelis akamshika mkono. Chini ya ile hasira kulikuwa na kitu kingine kikipanda, kitu kilichotaka kumfanya atabasamu: mwalimu mzima ametazama mishono yake, asiamini kwamba ni ya binadamu.

"Mwalimu," alisema, "naomba kiti."

Kiti kikaletwa. Phelis akaketi, akatoa begini foronya aliyokuwa ameianza, tabaka tatu vilevile, akachomoa sindano kwenye ukosi wa nguo yake. Akashona. Hakuharakisha. Watu waliacha meza zao wakaja wakamzunguka. Alipofika mwisho wa mstari alimpa mwamuzi kitambaa.

Bi. Edinah aliweka rula, akahesabu. Akahesabu tena. Kisha akaenda kwenye kitandiko, akakigeuza, akatafuta kwa kidole mahali ambapo kila uzi ulianzia na ambapo fundo lake lilifichwa ndani ya blanketi. Alivua miwani.

"Mama, nimekosea," alisema, "na kwa sababu nilisema mbele ya watu, nasahihisha mbele ya watu."

Alikibeba yeye mwenyewe akakitundika ukutani, mbele kabisa, kisha akashika kalamu na kadi ya namba moja, akauliza aandike jina gani. Zamani, mtu akisifu kazi yake, Phelis alizoea kujibu kwamba ni kitu kidogo tu. Sasa alisimama wima.

"Andika Phelis Chepkorir," alisema. "Na chini yake uandike, imeshonwa kwa mkono."

Watu walipiga foleni kukitazama mpaka saa kumi. Mwanamke mmoja, Rebeccah, aliyekuja kutoka Soin, alitaka kukinunua. Phelis alikataa kwa upole, akamwambia kama anataka kujifunza basi aje na sindano na kitambaa cheupe. Walipoondoka, Nyakerario alitangulia njiani akisimulia habari ile kwa kila waliyekutana naye, na Mathew alifuata nyuma, amekikumbatia kitandiko kwa mikono yote miwili, akikataa kupokewa na mtu yeyote.