Koti Kwenye Mkono wa Fundi

Haki ya Mungu hili ni kweli tupu, na atakayenishika uongo nitamnywesha chai.

Asubuhi moja, kwenye hospitali ya tawi, fundi wa kompyuta alikuwa amechuchumaa chini ya meza ya muuguzi akihangaika kuifikia seva ya makao makuu, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Huko ndiko yanakokaa mafaili ya wagonjwa wote. Nyuma ya pazia alilala mama aliyeletwa hajitambui, anasubiri kupasuliwa, na daktari hakuthubutu kumchoma sindano ya usingizi kabla ya kujua ni dawa ipi iliyowahi kumdhuru.

Waya ulikuwa mzima, mtandao mzima. Ukiipigia seva hodi, inaitika. Ukiiomba faili, inakufukuza. Fundi akampigia simu Mkuu wa Mitambo.

"Shikamoo, Mkuu. Seva inatukataa."

"Tatizo liko kwenu," Mkuu alisema huku akitafuna. "Mimi hapa inanifungulia vizuri."

"Hapo wapi?"

"Hapa! Nimekaa mbele yake."

"Sasa si unapiga hodi ukiwa sebuleni kwako, bosi? Umeiamuru isikilize walio chumbani mwake tu."

"Binti, mimi nina vyeti ukuta mzima."

Fundi akakata simu, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono wa kushoto kwenye tundu la waya ukutani. Ukazama hadi begani. Muuguzi akamsogezea kigoda.

Kule makao makuu mkono ukachomoza nyuma ya seva, umejaa vumbi. Mkuu akaufunga beji ya mgeni, akaendelea kutafuna. Mkono ukapapasa kibodi, ukabadili mstari mmoja wa mipangilio, na huku tawini faili likafunguka. Mama akapasuliwa, akapona.

Jioni Mkuu akaurudisha mstari ule ulivyokuwa, kwa sababu haukupitia mezani kwake.

Tangu hapo fundi huingiza mkono kila asubuhi, wagonjwa wanapoanza kufika. Mkuu naye kaongezewa cheti, cha mawasiliano bora na matawi. Siku ya kukipokea kulikuwa na joto. Akavua koti, akalitundika kwenye ule mkono wa kulia. Mkono ukalishikilia kutwa nzima, maana likianguka lingeziba feni ya seva, na wagonjwa walikuwa foleni.

Eti nini? Mwanzo nilisema wa kushoto? Haya, nimeshikwa. Agizeni chai, nalipa mimi. Ya Mkuu ajilipie.