Plagi za Mnunuzi

Mume wangu analijua gari letu kuliko mtu yeyote mtaani, labda ndiyo maana lilikuwa haliwaki. Majirani wamembatiza Profesa. Ukimuuliza kwa nini linakohoa, atakueleza mpaka chai ipoe: plagi zimechoka, cheche hazitoki sawasawa, petroli inaungua nusu nusu. Fundi wa pale kona haruhusiwi hata kufungua boneti, ati atatuharibia.

Basi kila asubuhi yeye alishika usukani, mimi nikasukuma, huku magauni niliyowashonea wateja yakijikunja kiti cha nyuma. Kuendesha nilijua kabla hajanioa. Lakini alisema gari hili linataka mtu anayelielewa. Kwa kusukuma, inaonekana, yeyote anafaa.

Nilichoka. Nikamwambia liuzwe, nami nijue moja kwamba sina gari. Akatafuta mnunuzi, uso kama wa mfiwa.

Asubuhi mnunuzi alipokuwa anatarajiwa, nikamkuta Profesa uani kaiinamia injini. Alichomoa waya mmoja, akapuliza vumbi, akafungua plagi kuukuu kwa spana yake ndefu. Akaingiza mpya kwa vidole, taratibu, ndipo akakaza kwa spana. Akarudisha waya, akahamia ya pili. Moja moja, ili asichanganye waya. Na alikuwa anapiga mluzi! Nguo nilizoanika hazijakauka, kazi imekwisha.

"Plagi mpya umezitoa wapi?" nikauliza.

"Zilikuwepo kabatini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Nilikuwa nangoja nafasi."

"Na leo nafasi imetoka wapi?"

Akanishangaa. "Mke wangu, kuna mgeni anakuja! Atatuonaje?"

Nilikasirika. Kumbe mgongo wangu ungekuwa mgeni, ungepumzika zamani.

Mnunuzi alikuwa mwenye duka la vioo, mtu mpole. Alizungusha ufunguo mara moja tu, gari likaitika, likanguruma bila kikohozi hata kimoja.

"Mzee, hongera. Umelitunza kweli," akasema.

Profesa akavimba kichwa, akaanza kumweleza habari za cheche. Nikamkatiza.

"Haliuzwi," nikasema. "Utusamehe kwa usumbufu, ndugu yangu."

Mnunuzi aliondoka akinung'unika, na haki yake. Mume wangu alikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Nilijua tu! Nilijua huwezi kuliacha. Ngoja nivae viatu nikupeleke kwa wateja wako."

Akakimbilia ndani. Aliporudi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alinikuta nimeshakaa kwenye usukani, nimefunga mkanda, injini inanguruma.

"Mbona umekaa hapo?"

"Nifungulie geti."

"Lakini mke wangu, unajua hili gari linataka mtu ana—"

"Geti," nikasema.

Akaenda kulifungua, akichechemea.